Reli ya Musoma: Upana wa njia si jibu la maswali yote

KWA mkazi wa Mukendo, katikati ya mji wa Musoma, treni ni chombo kinachosomwa magazetini kuliko kuonwa kwa macho. Anayetaka kuipanda hulazimika kwanza kusafiri kwa basi takriban kilomita 220 hadi Mwanza, mji ambao reli iliufikia mwaka 1928. Mkoa wa Mara, pamoja na dhahabu, samaki, pamba na ziwa lake, haujawahi kupitiwa na njia kuu ya reli.

Hali hiyo ndiyo inayofanya mpango wa reli ya Tanga–Arusha–Musoma upokelewe kwa hamu kila unapotajwa. Kwa mujibu wa mipango ya Serikali, njia hiyo itakuwa na urefu wa kilomita 1,108, ikiwa na matawi ya kwenda Minjingu kwenye fosfeti na Engaruka kwenye magadi. Imepangwa kujengwa kwa upana wa kimataifa, ambao Watanzania wamezoea kuuita SGR. Hata hivyo, kati ya Arusha na Musoma hakuna taruma hata moja lililokwisha kulazwa.

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, herufi hizo tatu zimekuwa kama jina jingine la mwendo kasi. Wengi huamini kuwa njia ikishakuwa pana, kasi na mzigo vitakuja vyenyewe. Ukweli ni kwamba upana huamua zaidi reli itaungana na nani. Kasi na uzito wa mzigo huamuliwa na mambo mengine yasiyotajwa sana majukwaani: unene wa chuma, mataruma, kokoto, kona, mwinuko na udongo ulio chini ya vyote hivyo.

Vipimo vitatu katika nchi moja

Upana wa njia ni nafasi iliyopo kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili ambavyo magurudumu hupita juu yake. Tanzania ina njia kuu za vipimo vitatu tofauti, na kila kimoja kina historia yake.

Cha kwanza ni cha mita moja. Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911. Waingereza waliifikisha njia hiyo Arusha mwaka 1929. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Nchini Kenya, Waingereza nao walichagua mita moja kwa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kwa kuwa India ilikwisha kuwa na injini, mabehewa na mafundi wa kipimo hicho. Njia nyembamba ilikuwa na faida iliyo wazi: tuta lake ni dogo, na inaweza kupinda kwa kona kali zaidi kuzunguka kilima badala ya kukipasua.

Kwa sababu pande zote zilichagua kipimo kimoja, kuunganisha kulikuwa rahisi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walijenga njia kutoka Voi hadi Kahe na kuikutanisha reli ya Mombasa na ile ya Tanga. Mwaka 1963 njia ya Ruvu hadi Mnyusi ikaunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati.

Kipimo cha pili kilikuja na TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Upana wake ni milimita 1,067, si kwa sababu Wachina walikuwa wakiutumia kwao, bali kwa sababu ndio uliokuwa ukitumika Zambia na sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika.

Cha tatu ni milimita 1,435, kipimo kinachotumika katika reli nyingi zaidi duniani. Ujenzi wake nchini ulianza mwaka 2017 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwaka 2021 ukazinduliwa kwa upande wa Mwanza hadi Isaka, kipande cha kilomita 341.

Tofauti isiyofikia kiganja

Tofauti kati ya njia ya mita moja na ile ya TAZARA ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini tofauti hiyo imetosha kuzitenga reli mbili zinazoanzia katika jiji moja. Behewa la Reli ya Kati haliwezi kuendelea na safari juu ya njia ya TAZARA. Mwaka 1998 kituo cha kuhamishia mizigo kilianzishwa Kidatu, mkoani Morogoro, mahali tawi linalotoka Kilosa linapokutana na TAZARA. Hapo mzigo hushushwa upande mmoja na kupakiwa upande mwingine. Kila mzigo unaohamishwa hivyo hula muda, fedha na nguvu za watu, na hukabiliwa na hatari ya kuharibika au kupotea.

Inaweza kuonekana kuwa dawa ni kuongeza chuma cha tatu ili treni za vipimo viwili zipite juu ya taruma moja. Mbinu hiyo ipo na inafanya kazi. Nchini Vietnam, njia ya kaskazini mwa Hanoi inayoelekea mpaka wa China ina vyuma vitatu vinavyohudumia treni za milimita 1,000 na 1,435. Kati ya vipimo hivyo kuna nafasi ya milimita 435, ambayo inatosha kuweka chuma kingine na vifungio vyake. Lakini kati ya 1,000 na 1,067 nafasi ni milimita 67 tu, ilhali kitako cha reli nzito huwa na upana wa milimita 150. Vyuma hivyo viwili havienei pamoja. Ndugu waliokaribiana mno kwa vipimo ndio wasioweza kulala kitanda kimoja.

Kwa Musoma, somo hilo si la historia pekee. Bandari za ziwa zinazotarajiwa kupokea mizigo kutoka kwake, yaani Port Bell nchini Uganda na Kisumu nchini Kenya, zimeunganishwa na reli za mita moja. Meli ya mabehewa ya MV Umoja, iliyoundwa miaka ya 1960 na kurejea katika safari za Mwanza hadi Port Bell mwaka 2018, ina reli za mita moja ndani yake. Behewa la SGR likifika ufukweni Musoma halitaweza kuingia katika meli hiyo na kuteremka Uganda likiendelea na safari. Ama bandari ijengwe kwa makontena yanayonyanyuliwa kwa kreni, ama meli mpya ziwe na njia za vyuma vitatu, ama Musoma iwe Kidatu nyingine.

Upana pekee hauleti kasi

Mifano ya nje inaonyesha kwamba njia nyembamba si lazima iwe dhaifu. Nchini Afrika Kusini, reli ya Sishen hadi Saldanha yenye urefu wa kilomita 861 ina upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA. Juu yake hupita treni za madini ya chuma zenye mabehewa zaidi ya 300, na kila ekseli hubeba tani 30. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, treni za abiria zinazojiinamisha kwenye kona hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa juu ya upana huohuo.

Kwa upande mwingine, njia mbili za upana mmoja zinaweza kutofautiana. SGR ya Kenya, iliyozinduliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, ilijengwa kwa injini za dizeli, kasi ya abiria ya kilomita 120 kwa saa na tani 25 kwa ekseli. Ile ya Tanzania ilibuniwa kwa umeme, kilomita 160 kwa saa na tani 35 kwa ekseli. Upana ni uleule wa milimita 1,435, lakini kilicho chini na juu ya vyuma ni tofauti.

Chuma, taruma na kokoto

Reli huuzwa kwa uzito wa kila mita. Chuma cha SGR ya Tanzania ni cha kilo 60 kwa mita. Kwa kuwa njia ina vyuma viwili, kila kilomita humeza tani 120. Kwa kilomita 1,108 za Tanga hadi Musoma, hesabu hiyo inafikia takriban tani 133,000 za chuma, bila kuhesabu njia za kupishania wala za vituoni.

Chini ya chuma kuna mataruma. Yakilazwa kwa nafasi ya sentimita 60, kilomita moja huhitaji takriban mataruma 1,670, na njia nzima ya Musoma isiyopungua milioni 1.8. Taruma la mti ni jepesi na hunyonya mtikisiko, lakini katika nchi hizi lina adui anayefahamika: mchwa. Ndiyo maana wajenzi wa zamani wa Afrika Mashariki walitumia sana mataruma ya chuma, ambayo nayo hupata kutu na huvutia macho ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Taruma la zege ni zito, hudumu miaka mingi na halina soko katika biashara hiyo.

Kokoto nazo si pambo. Kazi yake ni tatu: kusambaza uzito wa treni juu ya tuta, kupitisha maji ya mvua haraka, na kuyashika mataruma yasisogee. Kwa kazi hiyo zinahitajika kokoto ngumu zenye kingo kali zinazong'ang'aniana, si mawe ya mviringo ya mtoni yanayoteleza kama gololi. Mawe ya matale, ya aina inayoonekana katika vilima vya Musoma, mara nyingi hufaa, ingawa lazima yapimwe kwanza maabara.

Kung'ang'aniana huko kwa kokoto kuna umuhimu mwingine usioonekana kwa macho. Chuma hutanuka kwa joto. Kilomita moja ya reli ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya ilipolazwa, ingependa kurefuka kwa takriban sentimita 35. Zamani tatizo hilo lilitatuliwa kwa kuacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, nazo ndizo zilizoleta ule mlio wa "taka-taka, taka-taka" unaokumbukwa na wasafiri. Njia za kisasa huchomelewa zikawa chuma kimoja kirefu, hivyo mataruma mazito na kokoto zilizoshindiliwa ndivyo vinavyokizuia kisijikunje juani. Pale kokoto zinapopungua, njia inaweza kupinda mchana wa jua kali na kuiangusha treni.

Somo la treni ya mezani

Wapo watu, hasa Ulaya na Marekani, ambao hujenga reli za mfano juu ya meza kwa burudani. Kipimo kinachopendwa zaidi ni cha 1 kwa 87, ambapo njia ya milimita 1,435 hupungua na kuwa milimita 16.5, na ile ya mita moja huwakilishwa na milimita 12. Hata kwa udogo huo, reli ya Tanga hadi Musoma ingehitaji meza yenye urefu wa zaidi ya kilomita 12.7.

Mafundi hao wa mezani hukutana na maswali yaleyale ya wahandisi. Wanajua kuwa ubao usio sawa huangusha mabehewa, kwamba kiungo kilichoachana hata kwa unywele hukata umeme, na kwamba ramani huchorwa kwanza kabla ya kununua kipande cha kwanza. Lakini wana ruhusa moja ambayo wahandisi hawana: wanaweza kudanganya kwenye kona. Kona kali za seti za mezani huwa na nusu kipenyo cha takriban sentimita 37. Ikikuzwa mara 87, hiyo ni kona ya mita 32, ambayo treni halisi ya njia kuu haiwezi kuipita.

Sababu ni kani inayoisukuma treni nje ya kona, na kani hiyo huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili. Ili kuipunguza, chuma cha nje hunyanyuliwa juu kuliko cha ndani. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa katika kona ya nusu kipenyo cha mita 300, juu ya njia ya mita moja, huhitaji chuma cha nje kipande kwa takriban milimita 45 ili kani zilingane. Ikienda kilomita 80 kwa saa, ingehitaji takriban milimita 180, kiasi ambacho kingeiweka treni ya mizigo ya mwendo mdogo katika hatari ya kulalia ndani. Kwa kilomita 160 kwa saa, hata kona pana ya mita 2,000 juu ya SGR inahitaji takriban milimita 150, zikigawanywa kati ya mwinuko wa chuma na msukumo ambao abiria anaweza kuuvumilia.

Hapo ndipo inapofahamika kwa nini SGR haikuweza kupita tu juu ya tuta la Wajerumani. Njia ya kasi hudai kona pana, na kona pana hudai madaraja marefu, mahandaki na vilima vilivyopasuliwa.

Mlima, mbuga na hifadhi

Magurudumu ya chuma juu ya chuma huteleza kwa wepesi mkubwa. Kwenye tambarare, tani moja husogezwa kwa nguvu ya kilo mbili au tatu tu. Lakini mwinuko wa asilimia moja, yaani mita moja kwa kila mita 100, huongeza kilo 10 kwa kila tani. Kilima ambacho dereva wa basi hakioni kinaweza kuilazimisha treni ipunguze nusu ya mabehewa yake.

Reli ya Musoma itakutana na jambo hilo mapema. Magharibi ya Arusha njia hushuka hadi Bonde la Ufa, na ng'ambo yake kuna ukuta unaopanda mamia ya mita. Kupanda mita 400 kwa mwinuko wa asilimia moja kunahitaji kilomita 40 za njia, na kwa asilimia mbili kilomita 20. Njia fupi yenye mlima mkali hujengwa kwa bei nafuu zaidi, lakini hulipiwa kila siku kwa nishati na mizigo iliyoachwa nyuma.

Baada ya milima kuna Serengeti, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 na inayopitiwa kila mwaka na zaidi ya nyumbu milioni moja. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa hifadhi hiyo. Hukumu ilihusu barabara, lakini hakuna mchora ramani ya reli anayeweza kuipuuza. Kuzunguka hifadhi huongeza kilomita, na kila kilomita ina tani zake 120 za chuma.

Karibu na ziwa kuna mtihani mwingine. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa nyanda za Ndabaka wilayani Bunda, huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Tuta likijengwa juu yake bila kuuondoa au kuutibu, njia hupanda na kushuka kama ubao wa fundi wa mezani asiyekuwa makini. Mito nayo ina kumbukumbu ndefu. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu vibaya Reli ya Kati katika eneo la Kilosa, ambako njia hufuata bonde la mto, na safari zikasimama kwa miezi.

Kulaza njia na kuitunza

Kazi ya kulaza huenda kwa utaratibu usiobadilika sana. Upimaji hutangulia. Hufuata tuta linaloshindiliwa tabaka kwa tabaka, pamoja na makalvati na madaraja, kisha tabaka la changarawe, kokoto, mataruma na vyuma. Vyuma vikishafungwa na kuchomelewa, mashine hunyanyua njia, husukuma kokoto chini ya mataruma na kuinyoosha hadi vipimo vikubali.

Kazi haiishi hapo. Uzoefu wa reli ya kaskazini unatosha kuwa funzo. Njia ya Arusha ilikaa takriban miongo mitatu bila treni ya abiria, hadi huduma iliporejea Oktoba 2020 baada ya vichaka kufyekwa, mataruma kubadilishwa na madaraja kukarabatiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika reli ukuta huo hupimwa kwa mamia ya kilomita.

Maswali ya kuuliza

Mradi wa Musoma utakapofikishwa tena mbele ya wananchi, swali la upana litakuwa limekwisha kujibiwa. Mfanyabiashara wa Mwigobero, mkulima wa Bunda na mchimbaji wa Tarime wanayo mengine ya kuuliza. Kila ekseli itaruhusiwa kubeba tani ngapi, ikizingatiwa kuwa fosfeti na magadi ni mizigo mizito? Mwinuko mkali kuliko yote utakuwa asilimia ngapi? Njia itapita wapi kuhusu Serengeti na udongo wa mbuga? Kontena litahamishwa vipi kutoka behewani hadi melini, na litatumia saa ngapi? Nani atashindilia kokoto miaka 20 baada ya utepe kukatwa?

Majibu ya maswali hayo huandikwa katika michoro kabla ya taruma la kwanza kushuka. Reli ya mezani ikikosewa hung'olewa jioni na kupangwa upya asubuhi. Ile iliyoanzia Tanga mwaka 1893 bado inafuata kipimo alichokichagua mtu ambaye hakuna aliye hai anayemkumbuka.